Mtoto anataka kuwa mfamasia? Anzeni na Fizikia ya kidato cha pili

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka mwishoni mwa Januari, na ya kidato cha sita yakitoka Julai, maswali yanayoifikia safu hii hubadilika. Shinikizo la damu na minyoo hupumzika kidogo, wazazi huanza kuuliza habari za vyuo. Swali linalojirudia kutoka Lushoto, Soni, Mlalo na Bumbuli ni hili: mtoto wangu amefaulu Kemia na Baiolojia, anapenda kazi ya dawa, je, anaweza kuwa mfamasia?

Jibu fupi ni kwamba inategemea uamuzi uliofanyika miaka kadhaa kabla wewe mzazi hujauliza. Mara nyingi uamuzi huo ulifanywa na mtoto wa miaka 15, peke yake, katika shule isiyo na mwalimu wa Fizikia. Wiki hii naomba tuliangalie jambo hili kwa utulivu, kwa sababu linamgusa pia msomaji asiye na mtoto shuleni. Anayeamua leo kubaki na Fizikia au kuiacha ndiye huenda akakupimia dawa miaka 11 ijayo.

Nani yuko nyuma ya kaunta?

Huku kwetu kila anayeuza dawa huitwa "daktari". Kisheria kuna ngazi, na mgonjwa ana haki ya kuzijua. Baraza la Famasi, linalofanya kazi chini ya Sheria ya Famasi ya mwaka 2011, ndilo linalosimamia wanataaluma wa dawa Tanzania Bara. Juu kabisa yuko mfamasia, mwenye shahada ya famasi. Chini yake yuko mteknolojia dawa, aliyesoma stashahada ya sayansi ya dawa kwa miaka 3. Kisha yuko mteknolojia msaidizi wa dawa, mwenye cheti. Halafu yuko mtoa dawa wa duka la dawa muhimu, aliyepewa mafunzo mafupi kwa ajili ya duka hilo.

Maduka ya dawa muhimu yalianzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, yakasambaa nchi nzima kuchukua nafasi ya yale tuliyoyazoea kwa jina la maduka ya dawa baridi. Katika vijiji vingi vya Usambara, duka hilo ndilo lililo karibu na mgonjwa. Simdharau mtoa dawa hata kidogo. Usiku wa mvua, barabara ikiwa utelezi mtupu, ni yeye anayempa mama chumvichumvi za ORS na vidonge vya zinki mtoto anapoharisha. Lakini orodha ya dawa anazoruhusiwa kuuza ina mipaka, na duka lake si zahanati wala si mahali pa kuchomwa sindano. Ndiyo maana juu yake lazima awepo mtu anayejua zaidi: wa kumkagua, kumfundisha, kuagiza dawa za hospitali na kumwambia hata daktari kama mimi kwamba dawa hizi mbili hazipatani. Mtu huyo ni mfamasia.

Milima yetu inaijua thamani ya elimu hiyo tangu zamani. Kule Amani, Usambara Mashariki, Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti mwaka 1902 na kupanda, pamoja na mimea mingine mingi, miti ambayo gome lake hutoa kwinini. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza walitengeneza kwinini hapohapo kwa ajili ya askari wao. Gome lilelile linalotibu malaria humfanya mgonjwa asikie masikio yakivuma, na dozi ikizidi linaweza kushusha sukari ya damu mpaka azimie. Kati ya dawa na sumu kilichopo ni kipimo.

Wazazi wa umri wangu na zaidi wanaikumbuka pia tauni, iliyoanza wilayani Lushoto mwaka 1980 na kurudi mara kwa mara kwa zaidi ya miaka 20. Tauni hutibika kwa viuavijasumu kama streptomaisini. Hutibika, lakini kwa sharti kwamba dawa ipo, haijaharibika, na imetolewa mapema kwa kiasi sahihi. Kila sharti kati ya hayo ni kazi ya mtu aliyesomea dawa.

Vigezo vyenyewe

Shahada ya famasi huchukua miaka 4. Ilianza kufundishwa Muhimbili mwaka 1974, wakati huo chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na leo inatolewa pia katika vyuo vingine, kama Bugando kule Mwanza na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana kule Dodoma. Vigezo vya kujiunga huchapishwa kila mwaka katika mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Njia kuu ni mbili.

Njia ya kwanza ni kidato cha sita. Mwombaji awe na ufaulu wa kiwango cha juu, yaani kile kinachoitwa principal, katika masomo matatu: Fizikia, Kemia na Baiolojia, na jumla ya pointi zisizopungua 6. Hapa wazazi wengi huchanganyikiwa, kwa hiyo tuhesabu pamoja. Katika mtihani wa kidato cha sita, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Mwenye D tatu anafikisha pointi 6. D ya kidato cha sita si D ya kidato cha nne: huanzia alama 50, wakati ile ya kidato cha nne huanzia alama 30. Chuo kinaweza pia kudai daraja fulani katika Kemia na Baiolojia, kwa hiyo soma mstari wa chuo husika, usiishie kwenye jumla.

Njia ya pili ni stashahada. Aliyemaliza stashahada ya sayansi ya dawa akiwa na wastani wa B, ambao katika mizani ya vyuo hivyo ni GPA ya 3.0, anaweza kuomba shahada. Lakini kuna mkia ambao watu hawausomi: awe pia na angalau D za kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza.

Mtego uko hapo. Ili kuanza stashahada hiyo, anachodaiwa mwanafunzi ni kufaulu masomo manne yasiyo ya dini katika kidato cha nne, yakiwemo Kemia na Baiolojia. Fizikia si lazima. Kijana anaingia, anasoma miaka 3, anafaulu vizuri, anafanya kazi, anaweka akiba. Siku anapoomba shahada ndipo anaambiwa kwamba Fizikia aliyoiacha akiwa kidato cha pili ndiyo inayomzuia.

Mtego wa pili uko kidato cha tano. Tahasusi ya CBG, yaani Kemia, Baiolojia na Jiografia, ina masomo mawili ya afya, na wazazi huiona kama ndugu wa PCB. Kuna kozi ambazo CBG hufungua. Shahada ya famasi haimo, kwa kuwa Fizikia haipo.

Jambo la tatu: kigezo cha chini ni ruhusa ya kuomba tu, hakikuhakikishii nafasi. Nafasi ni chache, na vyuo huchukua kuanzia aliye juu. Mwenye pointi 6 anastahili kuomba, lakini apange na chaguo la pili na la tatu.

Baada ya shahada kuna mwaka mmoja wa mafunzo kazini chini ya usimamizi, kisha usajili wa Baraza la Famasi. Bila usajili huo, shahada haimpi mtu ruhusa ya kufanya kazi ya mfamasia. Piga hesabu kuanzia kidato cha kwanza: miaka 4 ya sekondari, 2 ya kidato cha tano na sita, 4 ya chuo, 1 ya mafunzo kazini. Ni miaka 11. Kwa njia ya stashahada, hata mtu asipopumzika, ni 12. Lakini huyu wa stashahada, akishaingia kwenye orodha ya Baraza, anaweza kuanza kupata mshahara mwaka wa saba au wa nane. Kwa familia inayosomesha kwa kabichi na viazi, tofauti hiyo si ndogo.

Kwa nini Fizikia? Kwa nini Hisabati?

Mzazi mmoja aliwahi kuniuliza kwa ukali kidogo: mtu wa kuhesabu vidonge anahitaji Fizikia ya nini? Swali ni la haki, na jibu liko nyumbani kwako.

Chukua chupa ya parasetamoli ya maji ya mtoto. Imeandikwa miligramu 120 katika mililita 5. Mtoto ana kilo 12, na dozi ni miligramu 15 kwa kila kilo. Anahitaji miligramu 180, yaani mililita 7.5. Hiyo ni Hisabati ya sekondari. Akikosea nukta moja ya desimali, mtoto anapewa mara kumi ya dozi yake, na ini la mtoto halisameheki kirahisi.

Fizikia ndiyo inayoeleza kwa nini insulini na chanjo hukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8, na nini hutokea friji ikizimika siku nzima kwa kukosa umeme. Ndiyo inayoeleza kasi ya matone ya dripu na mgandamizo wa mtungi wa oksijeni. Kemia hueleza kwa nini unga wa amoksilini ya watoto ukishachanganywa na maji una siku chache tu za kutumika, hata kama tarehe iliyo kwenye chupa ni ya mwakani. Baiolojia hueleza kwa nini dawa inayomfaa baba haimfai mama mjamzito, na kwa nini mzee mwenye figo dhaifu hupunguziwa dozi. Kiingereza kimo kwa sababu maelezo ya dawa nyingi huja kwa lugha hiyo, na lazima awepo mtu wa kukutafsiria bila kukosea.

Nchi nyingine nazo hazikwepi. Kenya, ambako shahada hii huchukua miaka 5, nako hutazamwa alama za masomo ya sayansi na Hisabati. Marekani mwanafunzi husoma kwanza angalau miaka 2 ya sayansi za msingi ndipo aanze miaka 4 ya famasi yenyewe. Majina ya mitihani hutofautiana, lakini mwili wa binadamu ni uleule.

Mlango unafungwa wapi?

Nikitazama vigezo hivi kutoka Dar es Salaam, naona karatasi ya haki: masomo yaleyale kwa kila mtoto. Nikivitazama kutoka kijiji kilicho juu ya Mtae au Mlola, naona kitu kingine. Tangu katikati ya miaka ya 2000 shule za sekondari za kata zimepanda mpaka kwenye vilima ambavyo zamani havikuwa na shule. Ada ya kidato cha kwanza mpaka cha nne imeondolewa tangu 2016, na ya kidato cha tano na sita tangu 2022. Hayo ni mafanikio makubwa. Lakini darasa si maabara, na maabara si mwalimu. Kuna shule ambazo Fizikia ipo kwenye ratiba tu.

Mtoto wa shule kama hiyo anapofika mwisho wa kidato cha pili na kutakiwa kuchagua, huchagua kwa busara ya umri wake: anaacha somo asilofundishwa. Wasichana huliacha upesi zaidi, kwa kuwa kuna anayewaambia kwamba si lao. Hakuna anayemwambia kwamba pamoja na somo hilo ameacha famasi, udaktari na kozi nyingine nyingi. Anaambiwa miaka miwili baadaye, au sita.

Tangu Januari 2024, mtaala mpya umeleta mikondo miwili sekondari, elimu ya jumla na elimu ya amali. Amali si mkondo wa walioshindwa, na nchi inahitaji mafundi wenye ujuzi. Lakini maana yake kwa mzazi ni kwamba uchaguzi umesogea karibu zaidi na darasa la saba. Ukisubiri kidato cha nne ndipo uulize, umechelewa.

Je, tushushe vigezo?

Kuna hoja kwamba watoto wa pembezoni wapunguziwe alama. Naielewa hoja hiyo, na mwenye kuitoa ana uchungu wa kweli. Lakini sikubaliani nayo kwa taaluma hii. Kumpunguzia mwombaji leo ni kumwongezea hatari mgonjwa wa kesho, na mgonjwa huyo huenda akawa wa kijiji kilekile, kwa sababu wanaofanya kazi milimani kwa muda mrefu mara nyingi ni waliozaliwa milimani. Watu wetu wanastahili mfamasia kamili, sawa na wa mjini.

Nisichokubali pia ni kuacha kipimo kilekile huku ngazi ya kukifikia ikiwa haipo. Haki ni kuipeleka ngazi kule juu: walimu wa Fizikia, vifaa vya maabara, na ushauri wa masomo kabla ya kidato cha pili kwisha. Hospitali na vituo vyetu vya afya vinaweza kusaidia bila gharama kubwa. Mfamasia wa halmashauri akienda shule mbili kwa mwaka, akaonyesha hesabu ile ya parasetamoli ubaoni, watoto wataelewa kwa nini wanasoma Fizikia kuliko wakisikia hotuba yangu.

Cha kufanya, kulingana na mtoto alipo

Kama yuko kidato cha kwanza au cha pili, nenda shuleni muhula huu. Muulize mkuu wa shule mambo matatu: nani anafundisha Fizikia, mtoto wangu yuko mkondo gani, na mkondo huo una masomo gani ya sayansi. Kama mwalimu hayupo, lipelekeni jambo hilo kwenye kikao cha wazazi na kwa afisa elimu wa sekondari. Mzazi mmoja akiuliza atajibiwa kwa upole. Arobaini wakiuliza watajibiwa kwa maandishi.

Kama amemaliza kidato cha nne, angalia machaguo yake ya tahasusi. TAMISEMI imekuwa ikifungua muda wa kuyabadili kwenye mfumo wa Selform matokeo yakishatoka. Kama alijaza CBG akidhani itampeleka famasi, huo ndio wakati wa kurekebisha.

Kama amekosa Fizikia tu, anaweza kuirudia akiwa mtahiniwa wa kujitegemea wa NECTA, na anaweza kufanya hivyo hata akiwa anasoma stashahada. Hakikisheni kituo kina maabara.

Kama anakwenda stashahada, thibitisheni kwamba chuo na kozi vimo kwenye orodha ya NACTVET, iliyokuwa ikiitwa NACTE. Kwa shahada, tazameni orodha ya TCU. Maombi ya shahada hupelekwa moja kwa moja chuoni dirisha linapofunguliwa. Anayekuambia ana "mtu wake" ndani na anataka pesa za nafasi, mwache aende zake.

Kuhusu fedha, Bodi ya Mikopo hukopesha wanafunzi wa shahada, na tangu mwaka wa masomo 2023/2024 imeanza kukopesha pia wa stashahada katika fani za kipaumbele, afya ikiwemo. Andaa mapema cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Jina lililo kwenye cheti hicho na lililo kwenye vyeti vya shule yafanane, herufi kwa herufi.

Na wewe mgonjwa usiye na mtoto wa kumsomesha, kazi yako ni nyepesi. Ukiingia duka la dawa, tazama ukutani kama kuna kibali. Uliza anayekuhudumia amesomea nini. Si matusi, ni haki yako. Duka lenye jina la famasi linatakiwa liwe na mfamasia anayelisimamia kweli. Cheti kilichotundikwa huku mwenyewe haonekani miezi sita hakiwezi kukukinga na dozi isiyo sahihi. Ukiambiwa "dawa hii siruhusiwi kuiuza, nenda hospitali," usinung'unike. Huyo anaijua kazi yake.

Wiki ijayo tutazungumzia dawa za pumu na namna ya kutumia pampu kwa usahihi. Kwa sasa, kama una mtoto wa kidato cha pili, mwombe leo daftari lake la Fizikia ulifungue. Likiwa tupu, unajua pa kuanzia.